Zinia za Tarehe Kumi na Tatu

Ushirombo, 14 Aprili 2024

Nelly mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Najua ukiona mwandiko wangu utashika kifua, utasema kuna msiba. Hakuna aliyekufa. Kaa chini usome.

Simu nimeiacha. Sikio la kulia lilishakufa tangu mwaka juzi, na la kushoto siku hizi linasikia kengele ya kanisa tu, tena upepo ukiwa unakuja upande wangu. Maandishi ya kwenye simu nayo ni madogo kama chawa. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, iliyonilisha miaka thelathini na miwili ya ualimu. Ukinijibu, mpe barua kondakta wa basi la asubuhi, aishushe hapa stendi kwa Masudi muuza soda.

Habari ni hii: mdogo wako Gelasius anapewa ushemasi Jumamosi ya tarehe 13 Julai, hapa hapa parokiani kwetu. Mwaka huu ushemasi, mwakani upadre, Mungu akipenda. Ameniandikia mwenyewe. Umesikia? Mtoto wangu!

Sasa sitaki altare ipambwe kwa maua ya kununua. Nataka maua niliyoyaotesha mimi, nyuma ya nyumba hii aliyozaliwa. Na yasiwe ya siku moja. Baada ya siku yenyewe kuna misa ya shukrani kigangoni, kisha kuna jumuiya, kisha kuna wageni. Nataka yawepo mwezi mzima. Wewe unauza mbegu hapo Kagongwa, nitumie zinia za rangi zote. Nimeshalima matuta, nitazipanda zikifika tu, mvua zingalipo.

Msalimie mumeo Masalu, na mjukuu wangu Vaileth.

Mama yako,
Mwalimu Apolonia


Kagongwa, 20 Aprili 2024

Shikamoo Mama,

Kweli nilishika kifua. Masalu aliniona nimekaa kwenye gunia la mbolea na barua mkononi, akaanza kuulizia nauli ya kwenda kuzika.

Hongera kwa Gelasius. Mbegu nimekufungia pakiti tatu, lakini Mama, nakuomba usipande wiki hii. Wakulima wote wanaokuja hapa dukani wana kosa hilo hilo: wanaona mvua, wanapanda. Kwa mahindi sawa. Kwa maua ya siku maalumu, mvua haikuhusu. Zinia inachukua kama siku sitini toka mbegu mpaka ua. Ukipanda leo, zitachanua Juni, na tarehe 13 Julai utapamba altare kwa mabua.

Anza na siku ya ua, uhesabu kurudi nyuma. Siku sitini kabla ya tarehe 13 Julai ni tarehe 14 Mei. Hapo panda pakiti ya kwanza. Usimalize zote. Wiki mbili baadaye, tarehe 28 Mei, panda ya pili, ili wa kwanza wakichoka wenzao wapokee. Ya tatu iweke akiba. Mche ukifika majani manne ya juu, ukate ncha. Utakuuma moyo lakini utatoa matawi mengi. Na ua likianza kukauka, likate upesi. Mmea ukishafanya mbegu unajiona umemaliza kazi yake, unakufa.

Mvua zitakuwa zimekatika. Itabidi umwagilie kila asubuhi. Utaweza maji hayo?

Nimefurahi kwamba maua yatakuwa ya kweli. Kwenye arusi yangu yalikuwa yale ya plastiki, ya pinki, uliyoazima kwa masista. Nakumbuka Masalu alipiga chafya altareni kwa vumbi lake. Sikulaumu, nimekumbuka tu.

Wako,
Nelly


Ushirombo, 2 Juni 2024

Nelly,

Tumsifu Yesu Kristo.

Pakiti ya kwanza nimepanda tarehe 14 Mei kama ulivyosema, na ya pili tarehe 28. Za kwanza zimeota zote! Nimezikata ncha huku nimefumba jicho moja. Majirani wanasimama kwenye uzio wanauliza mwalimu anapanda nini kiangazi hiki, nami nawaambia napanda ushemasi.

Hayo ya plastiki usinikumbushe. Ulifunga ndoa Oktoba. Oktoba hapa ardhi ni kigae, ua gani lingeota? Ulitaka nilikamue wapi? Ungeolewa Machi ungepata maua.

Sasa kuna jambo. Gelasius ameniandikia kuwa Gombera, mkuu wa seminari, amempa kazi ya ziada ya masomo, kwa hiyo wenzake wawili wa hapa parokiani watatangulia tarehe 13 Julai, yeye atafuata tarehe 24 Agosti. Ndivyo Kanisa lilivyo, aliye bora hupewa mzigo mkubwa. Lakini maua yangu je? Yatasubiri? Nikiyanyima maji yatachelewa? Nijibu upesi, silali.

Maji nateka kisimani, ndoo nane kila asubuhi. Ukiniuliza kama nitaweza, mimi nilikulea wewe.

Mama yako,
Apolonia


Kagongwa, 6 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Ua halisubiri mtu. Ukilinyima maji halichelewi, linakufa. Yaache ya kwanza yachanue kwa wakati wake. Kwa Agosti utapanda mengine, ndiyo maana nilikuambia pakiti ya tatu uiweke.

Tarehe nitakuandikia nikirudi. Alhamisi ijayo, tarehe 13, nakwenda Bulyanhulu kupeleka dawa za kunyunyizia kwa wateja wangu wa huko.

Barua yako Vaileth ameisoma kwa sauti mara mbili, hapo pa kupanda ushemasi alicheka mpaka machozi. Wabeja sana, kama wasemavyo wakwe zangu. Asante kwa kuandika, Mama.

Nelly


Kagongwa, 15 Juni 2024

Gelasius,

Salamu sikupi.

Juzi nilikuwa nimesimama kwa mteja wangu, karibu na yale makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Nikaona mtu mweupe kwa vumbi toka utosini mpaka miguuni, anapakua mawe kwenye torori. Nikasema huyu kasimama kama marehemu Baba. Kisha ukacheka na yule dada wa chakula, nikakijua kicheko. Uliponiona ulikimbia nyuma ya mashine. Mwanaume mzima, unanikimbia mimi niliyekubeba mgongoni!

Niliuliza. Wanasema uko hapo tangu Novemba. Novemba, Gelasius! Na Mama mpaka leo anapanda maua ya ushemasi. Mwanamke ana miaka sitini na minane, anateka ndoo nane kila siku ya Mungu kwa ajili ya siku ambayo haipo.

Mimi nilitolewa shule kidato cha pili ili ada iende kwako. Mama alisema, "Nelly ataolewa, Gelasius ana wito." Nikaolewa. Wito wako uko wapi? Kwenye torori?

Nenda ukamwambie. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika ukutani.

Dada yako,
Nelly


Bulyanhulu, 19 Juni 2024

Shikamoo dada,

Sina la kujitetea. Nilikimbia kwa sababu niliona uso wa Mama katika uso wako.

Sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe. Dada, nilikuwa na miaka saba mlipoanza kuniita Padre. Nikiiba sukari, Mama hanipigi, anasema, "Padre haibi." Nikilia, Padre halii. Nilikwenda seminari kama mtu anayepelekwa na maji. Mwaka jana nikiwa kanisani nilijiuliza ni lini nilisema nataka, sikupata siku hata moja. Hapa nakula vumbi lakini naitwa Gelasius.

Kuna Juliana, yule dada wa chakula uliyemwona. Ni mtu mwema. Nataka kumwoa.

Nimejaribu kumwandikia Mama ukweli mara tatu. Kila mara naandika "Mama mpendwa", kisha mkono unaandika tarehe nyingine. Nipe muda mpaka Agosti, nitakwenda mwenyewe nipige magoti. Usimwambie wewe. Akisikia kwako ataanguka. Na tafadhali, mwandikie kuhusu maua kama kawaida, asishtuke.

Mdogo wako,
Gelasius


Kagongwa, 22 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Nimerudi salama toka Bulyanhulu, biashara ilikuwa nzuri.

Tarehe zako ni hizi. Siku sitini kabla ya tarehe 24 Agosti ni tarehe 25 Juni, yaani Jumanne hii. Panda pakiti ya tatu. Nakutumia na ya nne, uipande tarehe 9 Julai. Tandaza nyasi kavu kwenye matuta ili maji yasipotee upesi. Ndoo sita zitatosha, usiteke nane.

Niandikie zikianza kuchanua. Niandikie ni rangi gani imetangulia.

Nelly


Ushirombo, 16 Julai 2024

Nelly mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Iliyotangulia ni nyekundu, tarehe 9, asubuhi ile ile niliyokuwa napanda pakiti yako ya nne. Tarehe 12 zilikuwa zimefunguka zote, nyekundu, njano, zambarau, na moja ya kijani sijui ilitoka wapi. Umri wangu wote sijaona kitu kama hicho kiangazi.

Nikajiambia, Apolonia, usiwe na choyo. Mwanangu zamu yake ni Agosti, lakini hawa wawili ni watoto wa parokia, na mmoja ni wa Sostenes fundi seremala tuliyekaa naye jumuiya moja. Nikakata yote, mashada matano, nikaenda kupamba altare mwenyewe tangu alfajiri. Nilikaa benchi la mbele. Sikusikia neno, lakini niliona yote.

Na watu walivyo na upendo! Akina mama walinizunguka baada ya misa, wakanishika mikono, wengine wanalia. Febronia, mwenyekiti wetu wa akina mama, alinikumbatia akalia kama mtoto. Mke wa Sostenes hakuweza hata kuniangalia, aliinamisha kichwa anafuta macho. Niliwaambia wasilie, mimi Agosti tu hapo, na maua mengine yanakuja. Wakazidi kulia. Furaha ya Bwana ina nguvu.

Nimechoka, lakini nimechoka vizuri. Za pili zimeanza kuweka vitumba. Wewe una mkono wa mbegu, Nelly, hilo sikulijua. Sikujua unajua mambo mengi hivi.

Mama yako akupendaye,
Apolonia


Ushirombo, 11 Agosti 2024

Nelly,

Hujajibu.

Naandika kwa mkono wa kushoto, usome polepole. Nilianguka kisimani tarehe 5. Mkono wa kulia umevunjika hapa juu ya kiganja, wameufunga plasta. Jiwe lilikuwa na utelezi na ndoo ilikuwa kichwani.

Maji nateka nusu nusu kwa mkono mmoja. Za tatu zina vitumba, tarehe 24 zitakuwa tayari. Gelasius hajaandika tena. Bila shaka yuko kwenye mafungo ya sala.

Nijibu basi. Nimezoea kuona bahasha yako kwa Masudi.

Mama


Kagongwa, 14 Agosti 2024

Gelasius,

Mama amevunjika mkono akiteka maji ya maua yako. Nina barua yake hapa, herufi zimelala kama za mtoto wa chekechea. Mwalimu Apolonia, aliyetuchapa kwa mwandiko mbaya!

Mpaka tarehe 24 uwe umeshafika pale. Usipokwenda, nakwenda mimi. Na sitapiga magoti kwa niaba yako.

Nelly


Ushirombo, 8 Septemba 2024

Nelly,

Bado naandika kwa kushoto, kwa hiyo nitasema machache.

Gelasius alikuja tarehe 23 Agosti. Alipiga magoti mlangoni na yule Juliana nyuma yake. Kwa kuwa sisikii, aliniandikia yote kwenye daftari, kurasa nne, huku machozi yanamwagikia karatasi. Nilizisoma palepale mlangoni akiwa chini. Nilipomaliza nilimpiga kofi la mkono wa kushoto. Kisha nikamwinua, nikachinja kuku.

Jumatatu yake Febronia naye alikuja na karatasi. Kumbe majina ya mashemasi yalisomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, mwezi wa Juni. Mawili tu. Mimi nimekaa benchi la mbele natabasamu, kanisa zima linajua. Paroko alidhani mwanangu ameniambia, Febronia alidhani Paroko ameniambia. Tarehe 13 Julai nimebeba mashada matano ya maua mbele yao. Nelly, walikuwa wananililia mimi, na mimi nawafariji.

Sasa nije kwako. Gelasius hakukutaja kwa ubaya. Aliandika tu, "Dada Nelly aliponiona tarehe 13 Juni." Nikasimama hapo. Nikaenda kutoa barua zako kwenye sanduku, nikazipanga mezani kwa tarehe. Ulinifundisha mwenyewe: anza na siku ya ua, hesabu kurudi nyuma. Nikahesabu. Tarehe 13 Juni umemwona. Tarehe 22, siku tisa baadaye, umeniandikia nipande pakiti ya tatu, na ukanitumia ya nne. "Biashara ilikuwa nzuri." Tarehe 5 Agosti nimevunjika mkono, nateka maji ya hizo mbili. Za kwanza na za pili ni uongo wa Gelasius. Za tatu na za nne ni zako.

Yeye nimemsamehe. Aliogopa, na mwoga ni mwanangu. Wewe hukuogopa kitu. Ulikaa dukani kwako ukapima siku kwa vidole, ukajua kila ndoo inakwenda wapi. Hilo sijalipatia mahali pa kuliweka.

Gelasius anafunga ndoa na Juliana Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, kabla Majilio hayajaingia. Paroko amekubali. Sitaki watu waje kumwona mwanangu na altare tupu, wakasema ameangukia jalalani. Nataka maua. Nitumie mbegu pakiti nne, uniandikie na tarehe. Barua ndefu haihitajiki.

Apolonia


Kagongwa, 15 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Umehesabu sawasawa. Sina cha kusahihisha.

Umehesabu nilijua lini, hukuuliza kwa nini. Nitakuambia, halafu utaichana barua hii ukipenda. Nimeolewa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo uliniandikia barua mbili, moja ya msiba wa Baba, moja ya msiba wa Bibi. Mwaka huu, toka Aprili mpaka Agosti, umeniandikia nne. Ulinieleza rangi ya ua. Uliandika, "Wewe una mkono wa mbegu, Nelly." Nina miaka thelathini na tisa, ndiyo mara ya kwanza unaniambia najua kitu. Vaileth aliniuliza mbona nalia, nikamwambia ni dawa ya wadudu imeniingia machoni.

Tarehe 22 Juni nilikaa na kalamu toka asubuhi. Kama ningeandika ukweli, maua yangeisha. Na maua yakiisha, ungeniandikia nini tena? Kwa hiyo niliandika tarehe. Ndoo nilizijua, Mama. Niliandika uteke sita badala ya nane, nikajiona nimekuonea huruma. Mkono wako umevunjwa na mimi, na msamaha siuombi kwa karatasi.

Lakini nawe nikuambie moja. Uliniambia Oktoba hakuna ua linaloota, ardhi ni kigae. Mwaka huu umechanuisha zinia Julai na Agosti, ardhi ile ile, kisima kile kile, ukiwa na miaka sitini na minane na baadaye mkono mmoja. Kwa hiyo haikuwa ukame. Ulikuwa na maji, Mama. Hukutaka kuyateka kwa ajili yangu.

Arusi ni tarehe 30 Novemba. Siku sitini kurudi nyuma ni tarehe 1 Oktoba. Oktoba yote utamwagilia. Mwambie Gelasius ateke yeye, ana mikono miwili. Novemba mvua zitakusaidia.

Uliomba pakiti nne. Nimempa kondakta moja. Safari hii usipande kwa zamu. Panda zote siku moja, zichanue siku moja, ziishe. Yakianza kukauka usiyakate, yaache yafanye mbegu. Ukiwa na mbegu zako mwenyewe hutahitaji kuniandikia.

Nelly